Gitaa lenye mafua: nilivyochagua pikapu kwa kuanza na sauti safi

Ukitafuta neno "pikapu" mtandaoni kwa Kiswahili unaletewa magari ya kubebea mchanga. Mimi nazungumzia ile ndogo inayokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku nao unatikisika, na ndani ya waya unazaliwa umeme kidogo sana ambao ampu inaukuza. Nimeng'ang'ana na kitu hiki miezi minne, na mpiga dramu wetu ameshaniomba nisilitaje tena neno hilo mazoezini. Basi acha nilimalizie hapa.

Tuna wimbo mmoja unaoanza na mimi peke yangu. Kodi nne (kila kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) za kudonoa, sauti safi, taratibu. Hakuna dramu wala besi, hakuna pa kujificha. Baada ya hapo dramu inahesabu nne, nakanyaga pedali, kile kisanduku cha mguuni cha kubadilisha sauti, na gitaa linageuka kuwa trekta. Tunashusha nyuzi: uzi mnene kabisa uko kwenye C, yaani kama hertz 65, ambapo kwa upangaji wa kawaida ungekuwa E ya hertz 82. Natumia seti ya nyuzi nene, 11 hadi 54 (unene kwa elfu za inchi), ili zisilegee kama kamba ya kuanikia nguo.

Sehemu ya trekta ilikuwa inapita. Ile ya kudonoa ndiyo iliyomfanya mpiga besi aweke gitaa lake chini siku moja na kuniambia, "Dada, hilo gitaa lako lina mafua."

Niliudhika, kisha nikasikiliza rekodi. Kweli lilikuwa na mafua. Kodi yenye noti tano ilitoka kama donge moja. Nyuzi nyembamba zilisikika kama zinapigwa nyuma ya godoro, na nilipodonoa kwa nguvu kidogo tu, ampu ilianza kukwaruza wakati mimi nataka utulivu.

Pikapu zilizokuwamo nilizinunua mwenyewe, miaka miwili nyuma, kwa kigezo kimoja tu: nguvu. Nilitaka uzito, tangazo likasema ni kali kuliko zote, nikaona ya darajani (ile ya upande nyuzi zinakofungwa kwenye mwili wa gitaa; nyingine hukaa karibu na shingo) ina ukinzani wa karibu ohmu 17,000, nikaamini kwamba namba kubwa ni sauti kubwa na sauti kubwa ni sauti nzito. Sitaitaja kampuni. Kosa lilikuwa langu, na kama utakavyoona huko chini, pikapu yenyewe haikuwa mbovu.

Ile namba ya ohmu inapotosha watu wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kinachopimwa ni jinsi waya unavyozuia umeme wa betri ya mita, basi. Waya ukiwa mrefu namba inapanda. Lakini inapanda pia waya ukiwa mwembamba zaidi kwa mizunguko ileile, na haikuambii lolote kuhusu sumaku. Pikapu mbili zinaweza kusoma ohmu 8,000 zote na zisifanane hata kidogo. Namba hiyo inafaa kulinganishia pikapu za ukoo mmoja, zenye waya wa unene uleule, au kugundua kwamba waya umekatika ndani. Kuichagulia sauti ni kama kuchagua mwimbaji kwa urefu wake.

Ukweli uliojificha nyuma yake ni huu: kila mzunguko wa waya unaoongezwa unaongeza umeme unaotoka, lakini unapunguza mwangaza. Kila pikapu ina eneo fulani la sauti za juu ambapo inang'aa kuliko kwingine, na ukipita hapo mlio unakatika haraka. Ukirundika waya, eneo hilo linashuka kuelekea sauti za kati. Unapata nguvu, unapata mbavu za kati zilizovimba, na unapoteza ule mng'ao unaofanya masikio yatofautishe noti moja na nyingine ndani ya kodi. Kwenye distosheni, ule mkwaruzo wa makusudi wa muziki mzito, hasara hiyo haionekani mara moja, kwa sababu distosheni yenyewe inatengeneza sauti za juu mpya. Kwenye sauti safi huna wa kukusaidia. Kilichokatwa na pikapu hakirudi. Ukipandisha trebo ya ampu utakachopandisha zaidi ni mvumo na sauti ya kucha zako.

Hapo ndipo nilipogeuza mpango mzima. Uzito ninaweza kuupata sehemu nyingi: kwenye ampu, kwenye pedali, kwenye mkono wa kulia. Usafi unatoka kwenye pikapu na vidole. Kwa hiyo nitachagua kwa sauti safi kwanza, halafu nione kama uzito utafuata.

Rafiki yangu mpiga gitaa wa pili alidhani nimechanganyikiwa. "Sasa dada, unataka kupiga muziki huu kwa pikapu za mababu?"

Mababu aliowasema wana historia nzuri. Pikapu ya koili moja, yaani fungu moja la waya, ni nyepesi na inang'aa, lakini inadaka mvumo wa umeme wa ukutani kama antena. Miaka ya 1950 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliweka koili mbili ubavuni, moja ikiwa kinyume cha nyingine kwa waya na kwa sumaku. Mvumo unaingia kwenye koili zote mbili ukiwa umegeuziana, unajifuta. Sauti ya uzi inajumlishwa. Ndiyo hambaka. Ombi la hataza liliwasilishwa 1955, pikapu zikaanza kuonekana kwenye magitaa 1957 zikiwa na kibandiko cha kusema hataza imeombwa, na kwa herufi za kwanza za maneno hayo ya Kiingereza watu wanaziita PAF hadi leo. Zilizungushwa mizunguko kama 5,000 kwa kila koili, waya wa namba 42, ambao ni mwembamba kama unywele, na nyingi husoma kati ya ohmu 7,000 na 9,000. Hazina nguvu za kutisha. Lakini pikapu iliyokuwa kwenye gitaa la mwanarock Eddie Van Halen alipotoa albamu ya kwanza mwaka 1978 ilitoka kwenye Gibson ES-335, nayo ilikuwa ya ukoo huohuo. Sijasikia mtu akilalamika kwamba sauti yake ilikuwa nyepesi.

Pikapu za kubadilisha kama biashara zilikuja baadaye. DiMarzio walitoa Super Distortion mwanzoni mwa miaka ya 1970, yenye sumaku ya seramiki na waya mwingi, kusudi iisukume ampu hadi sauti yake ipasuke. Hilo lilikuwa na maana kwa ampu za wakati ule, zilizokuwa na kikomo kidogo cha kukuza sauti. Ampu yangu ina chaneli ya distosheni ambayo sijawahi kuipandisha kupita nusu. Nilikuwa nanunua dawa ya ugonjwa ambao gitaa langu halikuwa nao.

Kabla ya kununua chochote nilifanya mambo mawili ambayo karibu hayagharimu kitu, na nilipaswa kuyafanya miaka miwili kabla.

Kwanza nilizishusha. Pikapu zangu zilikuwa zimepandishwa hadi karibu ziguse nyuzi, kwa imani ileile ya nguvu. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya mwisho (kile chuma chembamba cha mwisho kwenye shingo), pengo kati ya uzi na pikapu ya darajani linafaa kuanza kwenye milimita 1.5 hadi 2, na ya shingoni iwe chini zaidi, milimita 2.5 au 3, kwa sababu huko uzi unatikisika kwa upana mkubwa. Nilipoishusha ya shingoni kwa skrubu zake mbili, nusu mzunguko kila mara huku nikisikiliza, donge lilianza kulegea.

Pili nilifungua kifuniko cha nyuma. Humo nikakuta kitu kilichonifanya nicheke peke yangu: potensiometa ya sauti, kile kifaa kilicho chini ya kirungu cha sauti, ilikuwa ya ohmu 250,000. Hiyo ni saizi ya pikapu za koili moja, kuzipunguzia ukali. Hambaka kwa kawaida huwekewa 500,000, maana kadiri potensiometa inavyokuwa ndogo ndivyo inavyovujisha sauti za juu kwenda chini, hata ukiwa umefungulia sauti yote. Mtu aliyelimiliki kabla yangu aliweka alichokuwa nacho mkononi. Nikabadilisha. Naweza kusema theluthi ya mafua iliondoka siku hiyo, kwa waya kidogo wa risasi na dakika ishirini. Kama una gitaa la mitumba, lifungue kabla ya kulaumu pikapu.

Theluthi mbili zilibaki, na hapo uchaguzi ukaanza.

Nilijaribu zile za betri kwenye gitaa la rafiki: EMG 81 darajani na 60 shingoni, mpangilio uleule anaojulikana nao James Hetfield wa Metallica. Nataka niseme haki, kwa sababu watu hudhani pikapu za betri ni za kelele tu. Ile 60 kwenye sauti safi ni tulivu na ya kioo, hakuna mvumo kabisa, na kebo ndefu haiifanyi chochote kwa sababu kuna kikuza sauti kidogo ndani yake kinachosukuma. Ile 81 inakata kama msumeno. Kilichonizuia ni mawili. Gitaa langu halina nafasi ya betri ya volti 9 bila kuchonga mbao, na potensiometa zote zingebidi zibadilishwe tena kuwa za 25,000. La pili ni la moyoni: nikidonoa polepole na nikidonoa kwa hasira nilipata kitu kinachokaribiana. Wengine wanakipenda hicho kwa sababu hiyo hasa. Wimbo wangu unaishi kwenye tofauti hiyo.

Nikarudi kwa zisizo na betri. Kwa shingo sikuhangaika. Jazz ya kampuni ya Seymour Duncan, sumaku ya alniko 5 (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), ukinzani chini kidogo ya ohmu 8,000. Inajulikana kwa besi iliyobanwa, na hicho ndicho unachotaka shingoni kwenye gitaa lililoshushwa hadi C. Pikapu ya shingoni inakaa mahali ambapo uzi tayari una besi ya kutosha. Ukiweka yenye waya mwingi unamwaga uji juu ya uji. Tangu siku ya kwanza nilisikia noti zote tano za kodi, kila moja na mahali pake. Mpiga besi hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, na kwake hiyo ni hotuba.

Daraja ndilo lililonichukua miezi. Watu wengi huoanisha Jazz na JB ya kampuni hiyohiyo, yenye ukinzani kama ohmu 16,000, na ni ndoa iliyodumu kwa sababu nzuri. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kwenye 17,000 na nilitaka kujua upande wa pili ukoje. Nikachukua '59, nayo ya Seymour Duncan, ohmu kama 8,000, nikahakikisha ni ile yenye waya nne ili niweze kuchezea koili zake.

Sauti safi: nilitabasamu. Sauti nzito: mwanzoni niliogopa. Nilipiga rifu letu, kile kipande kifupi kinachojirudia, kwa kuziba nyuzi kwa kiganja na ikasikika ndogo. Kosa langu lilikuwa kulinganisha bila kusawazisha. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa, hata kama ni kibaya. Nilirekodi kodi zilezile na rifu lilelile kwa pikapu ya zamani na mpya, moja kwa moja kwenye kompyuta bila ampu, nikalinganisha ukubwa wa sauti, ndipo nikazipitisha kwenye ampu kwa mipangilio ileile. Hapo picha iligeuka. Ya zamani ilikuwa na uvimbe wa besi ambao ukishaingia kwenye distosheni hauna tena umbo. Distosheni ikipewa noti ya chini sana pamoja na nyingine, inazichanganya na kuzaa takataka katikati. '59 ilipeleka besi kidogo, kwa hiyo kila pigo la kiganja lilikuwa na mwanzo na mwisho.

Nguvu iliyopungua niliirudisha kwa pedali ya aina ya Tube Screamer mbele ya ampu, kirungu cha distosheni yake kikiwa sifuri na cha sauti kikiwa mwisho. Pedali ile inapunguza besi na kuinua sauti za kati karibu na hertz 720, ndiyo maana wapiga muziki mzito wameiweka mbele ya ampu miaka yote hii. Unabana besi kabla ya distosheni, unairudisha baada yake kwa kirungu cha ampu. Na kwenye sehemu safi ninaizima, pikapu inabaki kama ilivyo. Pikapu yenye waya mwingi huwezi kuizima.

Bado kulikuwa na kitu kimoja. Noti ndefu kwenye uzi wa tatu zilikuwa zinakata mapema, na nilitaka kingo kali kidogo. Badala ya kununua pikapu nyingine nilibadilisha sumaku: nikatoa alniko 5 nikaweka alniko 8, yenye nguvu zaidi, waya ukiwa uleule. Unalegeza skrubu nne za chini, unapasha joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele kwa sababu imezamishwa kwenye nta, unasukuma sumaku ya zamani itoke kama droo, unaingiza mpya. Nta ile usiiondoe. Ndiyo inayozuia waya kutetemeka na kupiga filimbi unapokaribia ampu.

Nikaingiza sumaku kinyume.

Sikujua, kwa sababu kila pikapu peke yake ilisikika sawa. Nilipoweka swichi katikati, zote mbili kwa pamoja, gitaa likawa redio ya mfukoni: jembamba, halina besi. Pikapu mbili zikigeuziana zinafutana badala ya kujumlishana. Jioni nzima nilikagua waya nikiamini nimekosea rangi, maana kila kampuni ina zake: kwa Seymour Duncan mweusi ndio unaobeba sauti na kijani unaenda ardhini, kwa DiMarzio anayebeba sauti ni mwekundu. Rangi zilikuwa sawa. Kilichonionyesha ni dira: nilielekeza sindano kwenye sumaku ya zamani na mpya, zikasoma kinyume. Sasa kila sumaku ninayoitoa ninaichora mshale kwa kalamu ya wino mzito kabla haijatoka.

Zile waya nne za '59 nilizifunga kwenye potensiometa ya kuvuta, yenye kirungu kinachovutwa au kusukumwa kama swichi. Nilijaribu kwanza kukata koili moja, kama wafanyavyo wengi, nikapata mng'ao pamoja na mvumo wote wa dunia. Kisha nikazifunga koili zote mbili sambamba badala ya kufuatana. Ukinzani unashuka kutoka 8,000 hadi kama 2,000, sauti inapungua, inakuwa wazi kama ya koili moja, lakini koili bado zinafutiana mvumo. Sielewi kwa nini mpangilio huu hauzungumzwi zaidi. Kodi zile nne za mwanzo sasa ninazipiga hapo hapo: swichi katikati, Jazz na daraja lililo sambamba, pedali imezimwa. Dramu inapohesabu tatu nasukuma kirungu ndani, narudisha swichi darajani, nakanyaga. Mara mbili nimesahau kusukuma kirungu, na trekta likaingia kama baiskeli.

Pikapu ya zamani ilikaa kwenye boksi la viatu hadi mpiga gitaa wetu wa pili alipoiomba. Gitaa lake ni jepesi, lina koo kali, kila noti inachoma sikio, na tangu alinunue amekuwa akilifunika kwa kupunguza toni. Tuliifunga Jumamosi iliyopita, ohmu 17,000 zote, potensiometa ile ile ya 250,000 niliyoitoa kwangu. Kwenye gitaa lake haina mafua hata kidogo. Ameshaanza kuniuliza kama ile ya shingoni nayo bado ninayo.